Mvinyo wa Hombolo kuhamia Newala: tupande zabibu au tukamue mabibo?

Mkamuaji_wa_Hombolo

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wenyeji wa Newala, Tandahimba na Masasi, na yeyote aliyewahi kushika zabibu.

Familia yetu iko Hombolo, Dodoma. Mzee alianza na shamba tu, tukawa tunauzia wenye viwanda kama majirani wote, mpaka ukaja msimu mnunuzi amechelewa na zabibu zinaanza kuozea shambani. Mzee akasema basi, tunakamua wenyewe. Leo tuna matangi yetu, tunatoa mvinyo mwekundu wa Makutupora na mweupe kidogo wa Chenin Blanc. Sehemu tunafungasha kwa lebo yetu, unaobaki tunauza kama mchuzi, yaani mvinyo usiofungashwa, kwa wenye viwanda wakubwa. Hatulalamiki, ila Hombolo sasa kila nyumba ina zabibu na kila mwenye pipa anajiita kiwanda.

Mama ni Mmakonde wa Newala. Ujombani kuna eneo, nusu mikorosho ya zamani, nusu pori. Mjomba ametukaribisha tufanye chochote cha maana. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mzee anasema kule juu usiku kuna baridi, udongo ni kichanga, maji hayatuami, zabibu zitakubali na tutakuwa wa kwanza. Kaka anamuunga mkono na anataka ile mikorosho ing'olewe. Mimi ndiye ninayeshinda kwenye matangi, na nilipokwenda mwezi wa kumi nilichokiona ni mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Watu wananyofoa korosho, wanatia kwenye ndoo, bibo wanalitupa palepale chini ya mti. Ukipita unateleza. Nyuki wamejaa, harufu tayari ni ya pombe, na hakuna anayeuliza.

Nauliza: zabibu Newala zinawezekana kweli? Na mvinyo wa mabibo una mnunuzi, au nitakuwa nimewauzia watu uraka, pombe ya kienyeji ya mabibo, kwenye chupa nzuri? Natanguliza shukrani.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Kung'oa mkorosho unaozaa, Newala, upande zabibu? Mwambie kaka yako hiyo kauli asiitoe kijiweni. Watamtafutia mganga.

BwanaShamba_Mstaafu

Mkuu, mzee wako hajakosea kuhusu udongo, ila amesahau maji. Uwanda wa Makonde mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, mito juu huku hakuna. Mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka bondeni Mitema, na bado watu wananunua kwa madumu na kuvuna ya paa. Zabibu zinahitaji kumwagiliwa kiangazi, maana kiangazi ndicho mtakachovunia. Ninyi Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, ule wa kwanza karibu na Februari au Machi. Huku miezi hiyo ni mvua na unyevu, vichala vitaoza na ukungu kabla sukari haijapanda. Kwa hiyo hesabuni mavuno mamoja: pogoeni mvua zikikata, mvune kuelekea Agosti au Septemba.

Sasa sikiliza hapa, maana hakuna atakayekuambia. Ugonjwa mkubwa wa mikorosho ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, na zabibu nazo zina ubwiri unga wao. Dawa ya kote kote ni salfa. Huku kuanzia Juni majirani zako wote wanapuliza salfa ya unga kwa mashine, alfajiri kabla upepo haujaamka, na lile vumbi la njano halijui mpaka wa shamba. Zabibu zako zitakuwa zinakaribia kuiva. Salfa ikibaki kwenye ganda la zabibu ukaenda nayo kwenye tangi, hamira inaigeuza gesi na mvinyo unanuka yai viza. Dodoma mnajua kuacha kupuliza wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Huku utamzuia nani asipulize? Hiyo ndiyo korosho yake ya mwaka mzima.

Mkitaka kujaribu zabibu, pandeni mistari michache mbali na mikorosho, karibu na tangi la maji ya mvua. Na mpiteni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, ndio wenye utafiti wa korosho, na mabibo wameshayashughulikia.

Pombe_Si_Chai

Uraka wa siku ya kwanza ni juisi, wa siku ya pili ni rafiki, wa siku ya tatu ni kesi. Ukifungasha, niandikie ni wa siku ya ngapi 😂

Mama_Matangi

Mimi natengeneza mvinyo wa matunda, siko Mtwara, ila mabibo nimeyafanyia kazi. Mdogo wangu, mambo matatu yatakusumbua.

Kwanza sukari. Juisi ya zabibu iliyoiva vizuri inasoma briksi (kipimo cha sukari) 22 hivi, ya mabibo mara nyingi inacheza kwenye 10 hadi 12. Ukiiacha ichachuke yenyewe unapata kilevi cha asilimia 5 au 6, kiwango cha bia, nacho hakikai muda mrefu. Utaongeza sukari, na bei ya sukari unaijua.

Pili ukakasi. Ule unaokaba koo ni tanini, na ukiuacha mteja hanywi glasi ya pili. Unauondoa kwa gelatini, au kwa maji ya wanga, uji mwepesi kabisa. Unakoroga, unaacha utuame, unachota juu palipo peupe. Fanya kabla ya hamira.

Tatu ndiyo kubwa: bibo halisubiri. Likidondoka asubuhi, kesho yake limeshaharibika. Usifikirie kuyasafirisha Hombolo. Kikamulio kiwe kijijini, juisi ipozwe au ianze kuchachuka siku hiyohiyo. Na nunua ya kuchuma au ya kuokota asubuhi juu ya turubai, siyo yaliyolala mchangani.

Mabibo makavu, kochoko, waachie wenyewe. Hayo yanakwenda kwenye nipa, pombe kali ya kienyeji. Wewe ukianza kuchemsha na kukusanya mvuke bila leseni umeingia kwenye gongo, na kesi yake haina lebo nzuri.

Mkamuaji_wa_Hombolo

Dada Mama_Matangi, asante sana. BwanaShamba, shikamoo mzee, hiyo ya salfa nimemsomea mzee wangu kwa sauti. Kanyamaza, kisha kauliza mashamba ya jirani yako umbali gani.

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba. Akiuliza hivyo ujue ameelewa.

Kijana_wa_Mikindani

Soko. Mtwara mjini kuna hoteli, kuna watu wa gesi na bandari, lakini wanywaji wa mvinyo si wengi hivyo. Pesa ya Kusini inatembea Oktoba hadi Januari, korosho zikilipwa, kisha inalala. Ramadhani nayo usitegemee kitu, mikoa hii Waislamu ni wengi, na duka lako lisikae karibu na msikiti hata kama kibali umepewa. Mimi ningeuza Dar na Dodoma kama kitu cha Kusini, watu wa huko watanunua kwa udadisi. Ila chupa zinapita barabara ya Kibiti na Somanga, na mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata. Msiweke mzigo wote njiani wakati wa mvua.

Vibali: alama ya TBS, na stempu za kielektroniki za TRA. Mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 una ushuru wa bidhaa nafuu. Wa mabibo kaulizeni unaangukia kundi gani kabla hamjachapisha lebo.

Bibi_wa_Kitangari

Wajukuu mmeongea yote, mmemsahau mjomba. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo huyu kijana ana haki. Baba yake ni mkwe, anakaribishwa lakini hapandi mti wa kudumu kwa kauli ya simu. Mzabibu unakaa miaka mingi, ni mti kama mkorosho, na aliyepanda mti ana neno juu yake. Nendeni na mama yenu, mkae na mjomba na wakubwa wa ukoo, muandike na serikali ya kijiji ikiwepo. Kukamua mabibo hakuhitaji ardhi hiyo yote. Kunahitaji kibanda na majirani wanaokuamini.

Mkamuaji_wa_Hombolo

Shikamoo bibi. Mama ameusoma ujumbe wako na amecheka sana, anasema ndivyo alivyotaka kusema tangu mwanzo ila hakuulizwa.

Tulipofikia: mikorosho haiguswi. Mzee atapata mistari yake michache ya zabibu upande wa pori, mjomba akikubali. Mimi nakwenda msimu huu na kikamulio kimoja na mapipa. Kinachonisumbua sasa ni bei ya ndoo ya mabibo. Nianzie wapi?

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Usitaje bei kwa mtu mmojammoja, utapata bei kumi. Ongea na viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mapema, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Na lipa taslimu. Korosho tunasubiri mnada, mabibo hatutasubiri.

Mama_Matangi

Ukishapata pipa la kwanza nitumie vipimo, briksi na pH (uchachu), kabla hujaweka sukari. Na kaka yako mpe kazi ya kuosha mapipa.