Wareno na Wajamaika wa Toronto: kwanini mmoja ana nyumba na mwingine bado anapanga?

mgosi_wa_zege

Wakuu habari zenu. Nipo Toronto mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni zege, misingi ya maghorofa, na kuna jambo linanisumbua naomba tulijadili kwa staha bila matusi.

Pale saiti wazee wengi ni Wareno, na sio wa Lisbon, ni wa visiwa vya Azores, hasa São Miguel. Msimamizi wangu ana miaka 66, shule aliishia darasa la nne, ripoti ya siku anamwita kijana amwandikie, lakini mzee ana nyumba mbili. Moja ipo kule kwa Wareno barabara ya Dundas, mwaka juzi alitualika, pale mlangoni kabandika kigae cha buluu cha Bikira Maria, nyuma kuna mzabibu umetambaa juu ya mabomba ya chuma, na kule chini besimenti kuna jiko la pili kamili ambalo ndilo wanalopikia kila siku, lile la juu la wageni halina hata doa la mafuta. Mkewe kasafisha maofisi usiku karibu maisha yake yote.

Sasa jirani yangu hapa ghorofani ni mama wa Kijamaika, kastaafu, alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Kiingereza ni lugha yake ya kuzaliwa, kasoma kuliko yule mzee wangu mara mbili, anafanya kazi toka kijana, na bado anapanga vyumba viwili. Mpaka leo kila Krismasi anajaza pipa la mchele, mafuta, sabuni na nguo anasafirisha kwao Jamaika, mimi ndio humsaidia kulishusha kwenye lifti.

Rafiki yangu mmoja anasema ni tabia tu, Mreno anabana pesa Mjamaika anakula starehe. Mimi nikimwangalia yule mama siioni hiyo starehe iko wapi. Naomba wanaojua historia ya hapa wanieleweshe, maana nina watoto wawili, mkubwa yupo darasa la nane, na nataka nijue nifuate njia ya nani.

Kamanda_Ferry

Mkuu rafiki yako kasema kweli usimkatae. Nidhamu ya pesa. Mreno anaishi kumi nyumba moja mpaka deni la nyumba liishe, wangapi kwetu wanaweza? Mengine ni visingizio, wote walifika na begi moja.

baharia_mvita

Kamanda si kweli kwamba walifika sawa, ngoja nikueleze, mimi nipo mji huu tangu 1991 na nimekaa na hawa watu wote wawili. Na Wareno sisi wa Mombasa tunawajua kabla ya Kanada, walitujengea Ngome ya Yesu 1593, kwa hiyo mtanisamehe nikiwaongelea kama jirani wa zamani.

Meli iliyoanzisha safari yao inaitwa Saturnia, ilitia nanga Halifax tarehe 13 Mei 1953 na Wareno 85. Kanada ilikuwa yawataka, yaani serikali kwa serikali walikubaliana, yatakiwa mikono ya mashamba na ya reli. Wakaja wanaume, baada ya mwaka mmoja miwili wakaita wake na watoto. Na kule kwao kulikuwa na shida mbili, umasikini wa Azores chini ya dikteta wao Salazar ambako skuli ya lazima ilikuwa ni miaka mitatu minne tu, ndio maana mzee wako hajui kuandika ripoti, halafu kuanzia 1961 vijana wakawa waitwa jeshini kwenda kupigana Angola, Guinea na Msumbiji. Wengi walitoroka hiyo vita. Wakati Frelimo wanajifunza bunduki Kongwa na Nachingwea hapo kwenu, vijana wa upande wa pili walikuwa watafuta meli na ndege za kuwaleta huku.

Walipofika Toronto walianzia Kensington Market kisha wakasogea Dundas. Wakati ule matajiri wahamia pembezoni, nyumba za katikati ya mji zilikuwa kuukuu na bei yake kibarua angeweza kuifikia. Mtu alinunua, juu akampangisha shemeji, katikati binamu, yeye na familia wakapika besimenti. Hilo jiko uliloliona ndilo hilo hilo, halikuwa la urembo. Leo nyumba ile ile yauzwa pesa ambayo daktari aifikiria mara mbili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utajiri wa yule mzee ni MWAKA alionunua, si mshahara.

Na mshahara nao si mbaya, maana ujenzi hapa una yunioni, yaani chama cha wafanyakazi. Local 183 ya vibarua ilikua pamoja na haya maghorofa na Wataliano na Wareno ndio waliojaa ndani. Ukiwa na kadi ya yunioni hakuna anayekuuliza cheti, una saa zako, pensheni yako, bima ya meno. Ila kadi hiyo ulipataje? Mjomba alikupeleka. Aliyekuja kwenye shimo la msingi asubuhi na mpwa wake, mpwa alivaa kofia siku hiyo hiyo. Mjamaika angekuja na mpwa wake angeambiwa acha namba ya simu.

Sasa tazama Mjamaika. Sheria ya uhamiaji ya 1952 iliruhusu kabisa kumkataa mtu kwa taifa lake na hata kwa madai kwamba hataweza hali ya hewa, na hiyo ilitumika kwa watu weusi. Mlango wa kwanza uliofunguliwa ni wa 1955, mpango wa watumishi wa nyumbani kutoka Jamaika na Barbados, mwanzo wanawake 100 tu, umri 18 hadi 35, asiwe na mume, asiwe na mtoto, afanye utumishi mwaka mzima ndio awe huru. Wanaume je? Kuanzia 1966 kukawa na mpango wa mashambani, Mjamaika aja kuchuma tufaha na tumbaku Ontario, msimu ukiisha arudishwa kwao. Mpaka leo mpango huo upo na ukifanya miaka ishirini bado ni mgeni. Wengi wa kukaa walikuja baada ya 1967 ulipoanza mfumo wa pointi, yaani mtu apimwa kwa elimu, ujuzi na lugha badala ya taifa lake. Miaka kumi na nne nyuma ya Saturnia, yakhe, na kwenye bei ya nyumba miaka hiyo ni mingi mno.

MamaShani

Baharia ahsante sana, hapo kwa wanawake umenigusa naomba niongezee. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti yangu ya usiku tupo sita, wanne Wajamaika. Hawa dada zangu kuna kitu wanakijua ambacho na mimi nakijua mwilini.

Niliwaacha wanangu Tanga kwa mama yangu miaka sita. Nilipowaleta wa kwanza ana miaka 14, tukakaa uwanja wa ndege tunaangaliana kama wapangaji wapya, ananiita "shikamoo mama" kwa sauti ya mtu anayesalimia mwalimu. Sasa hiyo ndiyo historia ya Wajamaika wengi wa Toronto, mama kaja peke yake kwa sababu sheria ilimtaka peke yake, watoto kwa bibi, pipa linakwenda kila Krismasi, miaka saba kumi baadae mtoto anakuja ameshavunja ungo au ameshaota ndevu, anakuta baridi, anakuta shule inamrudisha darasa kwa sababu ya lafudhi, na mama yupo kazini masaa kumi na sita.

Na kuna kesi ya wale wanawake saba wa Kijamaika, kaisomeni. Walikuja kama watumishi, kwenye fomu hawakuandika kwamba wana watoto maana ukiandika hupati, walipoomba kuwaleta watoto wao serikali ikataka kuwafukuza nchini, miaka ya sabini hiyo. Walipigana mahakamani na barabarani mpaka 1979 wakaruhusiwa kubaki. Wamelea watoto wa Kanada wakaambiwa wao wa kwao ni kosa. Mimi nikifikiria hilo nashindwa kulala, kwa kweli.

Kwa hiyo Kamanda ukisema Mreno alibana pesa, alibana na MKE wake, mishahara miwili, zege mchana usafi usiku. Na wake zao wamesota usiwadharau, 1984 wasafishaji wa jengo la First Canadian Place, wengi wao wanawake wa Kireno, walifanya mgomo. Mjamaika wangu wa shifti ana mshahara mmoja wa malezi, na kodi, na pipa. Wanajua kuweka akiba sana, wana upatu wao wanauita pardna, ni mchezo huu huu wetu, kila wiki mnatoa na mmoja anabeba. Mimi nimecheza nao, nimelipia nauli ya mtoto wangu wa pili kwa pardna.

wa_Stockwell

Wadau mimi nipo London kusini na nataka niwaonyeshe kitu kimoja, huku mambo yamepinduka. Kwangu mimi nikitoka mlangoni mkono huu ni Stockwell, mikahawa ya Kireno mitupu, wengi watu wa kisiwa chao cha Madeira, mkono huu natembea dakika kumi na tano nipo Brixton kwa Wajamaika. Huku Mjamaika ndiye alitangulia, meli yao ya Windrush ilifika 22 Juni 1948, walinyimwa vyumba vya kupanga, benki zikawakatalia mikopo, wakatumia hiyo hiyo pardna anayosema mama Shani kununua nyumba kuukuu za Brixton ambazo hakuna aliyezitaka. Wazee waliobaki nazo leo wamekalia mali. Wareno wengi walikuja nyuma sana, wanafanya usafi, mahoteli, jikoni, na wanapanga kwa bei za kutisha. Fundi wangu wa mabomba ni wa Madeira, ana familia ya watu watano kwenye vyumba viwili.

Sasa kama ni tabia ya Mreno kubana pesa, tabia hiyo ilizama baharini ikija London? Ni watu wale wale. Aliyewahi kufika ndiye aliyenunua.

Ila pia niseme kumiliki nyumba hakukuwaokoa Wajamaika na kila kitu. 2018 ndio dunia ilijua kwamba watu waliokuja wakiwa watoto, wamelipa kodi miaka hamsini, wanaambiwa hawana haki ya kuishi Uingereza, wengine wamekosa matibabu, wengine wamesafirishwa.

Kamanda_Ferry

Sawa mkuu wa Stockwell, hapo London umenikamata na nakubali sikuwa najua. Lakini nauliza kwa nia njema, kule Eglinton Toronto Wajamaika walikuwa na maduka, saluni, studio za rege, mtaa mzima. Mbona umekufa? Hapo mwaka wa kununua unahusikaje?

baharia_mvita

Wahusika sana bwana. Walikuwa na biashara, majengo si yao. Ujenzi wa reli ya Eglinton ulianza 2011, barabara ikachimbwa zaidi ya miaka kumi, vumbi, uzio, hakuna pa kuegesha gari. Kinyozi wangu pale alikuwa akiweka kiti nje asubuhi asubiri wateja mpaka adhuhuri, na mwisho wa mwezi kodi ni ile ile. Mwenye jengo lake hufunga akangoja, kisha reli yampandishia thamani. Mpangaji ang'oka.

Na wala Wareno wote si wenye nyumba. 2006 walirudishwa mafundi Wareno wasio na karatasi, watu wa zege na matofali, watoto watolewa skuli katikati ya mwaka. Nilikuwa nikifanya kazi na wawili wao.

mwl_Neema

Habari za jioni. Mimi ni msaidizi wa mwalimu, naomba nirudi kwenye swali la mgosi kuhusu watoto maana naona limesahaulika na mimi ndilo naliona la maana kuliko nyumba.

Kaka, kwenye shule usimfuate Mreno. Kwa miaka mingi watoto wa Kireno wa Toronto wamekuwa kwenye makundi yanayoongoza kwa kuacha sekondari, kijana ana miaka 16 baba anamwambia njoo saiti, na saiti inalipa kweli, kwahiyo anaacha. Wazazi hawakusoma, walimu nao waliwaona ni watoto wa vibarua. Wamelihangaikia wenyewe, wameanzisha masomo ya ziada ya jioni ya watoto wao na wasichana hasa wamepanda. Wajamaika kinyume chake, mama anataka shule kufa na kupona, ila mtoto anakutana na kitu kingine. Ripoti ya Chuo Kikuu cha York ya 2017 ilionyesha wanafunzi weusi walio kwenye mkondo wa kwenda chuo kikuu ni asilimia 53, wazungu 81. Na asilimia 42 ya weusi walikuwa wameshasimamishwa shule angalau mara moja hadi wanamaliza sekondari. Ontario ilitangaza 2020 kuondoa huo mgawanyo darasa la tisa, ni vizuri, lakini hisabati ya ngazi ya chini bado ipo na mtu anayemshauri mtoto ni yule yule.

Mjukuu wa yule msimamizi wako akiwa na jina la Kireno na lafudhi ya hapa, mwalimu hamjui wala polisi hamjui, ni mtoto wa Kanada tu. Wa kwako na mjukuu wa jirani yako wanajulikana toka mlangoni, hata wazaliwe hapa vizazi vitatu. Hilo hakuna akiba inayolifuta.

Kwahiyo, mwanao akiletewa fomu ya kuchagua masomo ya darasa la tisa USISAINI nyumbani. Nenda nayo shuleni mwenyewe, vaa nguo zako za kazi hivyo hivyo, omba ukae na mshauri, uliza kila somo linafungua mlango gani na linafunga upi. Hisabati usikubali ashushwe kwa sababu ya "atapata taabu". Uliza taabu gani na mtamsaidiaje.

mgosi_wa_zege

Wakuu nimesoma yote, nimesoma mara mbili na mke wangu akiwa pembeni. Ahsanteni kwa kweli, mama Shani ile ya uwanja wa ndege imetunyamazisha wote wawili.

Mwalimu, fomu ipo. Ipo juu ya friji toka wiki iliyopita, mtoto alisema mwalimu kashamwekea alama kwa penseli nisaini tu, nimeishusha sasa hivi na kwenye hisabati kweli kawekewa ya chini, na ripoti yake ya mwisho hisabati alikuwa na 78.

Alhamisi naomba ruhusa ya asubuhi. Msimamizi nimeshampigia, nilimweleza kwanini, akakaa kimya kidogo halafu akasema nenda, mimi wa kwangu nilisaini. Nitaleta mrejesho.