Wenyeji wa Tanga, nipeni sehemu ambazo wageni hawazijui

msafiri_dom
Wakuu habari zenu, mwezi ujao nashuka Tanga na wife, mapango ya Amboni kila mtu anayataja, nataka sehemu zenye historia lkn hazina watu wengi. Usafiri tunao.

mwana_tanga
Karibuni sana mkuu. Shika barabara ya Pangani, mbele kidogo ulizia Tongoni, kuna magofu ya msikiti wa zamani sana na makaburi ya nguzo karibu kabisa na bahari, nguzo nyingi zishaanguka na inaniuma maana ule ni urithi mkubwa na hata watu wa hapa hapa hawaendi.

bi_pangani
Mkitoka hapo msirudi, nyoosheni mpaka Pangani mtafute boti ya Maziwe. Ni fungu la mchanga tu baharini, maji yakijaa linamezwa lote so ulizeni kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Bebeni kofia na maji ya kunywa, kivuli hakuna.

msafiri_dom
Asante dada, kuna kiingilio?

bi_pangani
Kipo, ile ni hifadhi. Na bei ya boti mkubaliane kabla hamjapanda.