Naomba ushauri: mto mmoja, mitaa mitatu, halmashauri mbili. Viongozi tuanzie wapi?

Mjumbe wa Bondeni ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja wa upande wa Tabata, nilichaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kushika nafasi kama hii au walioishi kando ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake.

Mtaa wetu umepakana na mto. Ng'ambo kuna mtaa ulio chini ya Manispaa ya Ubungo, na juu yetu, upande huu huu, kuna mtaa mwingine ulio ndani ya Halmashauri ya Jiji kama sisi. Wenyeviti wa mitaa hii mitatu wanafahamiana vizuri, wanazikana, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mmoja huwatoa watu wake kufanya usafi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anasafisha kwake. Mtaa wa juu wakizibua mtaro, tope wanaliacha ukingoni, na mvua ya kwanza inatuletea sisi. Ng'ambo, wenye viwanja wanaleta malori ya kifusi ili kuinua ardhi yao, na kila msimu maji yanazidi kula upande wetu. Sisi nasi si malaika, kwa maana zipo kaya zinazosubiri mvua kubwa ili zitapishe vyoo, na uchafu huo unateremka kwa wenzetu wa Kigogo na Jangwani.

Nilipendekeza tuandike barua kuhusu kifusi. Mwenyekiti wetu alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza kama ninakumbuka bomoabomoa ya nyumba za bonde la Msimbazi ya Desemba 2015. Hoja yake ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kwamba atakayekuja kupima umbali wa kile kifusi atageuka na kupima pia nyumba za wapiga kura wetu. Sikuwa na jibu la kumpa. Ndiyo maana ninauliza: viongozi wa ngazi ya chini kabisa, wasio na bajeti wala mamlaka ng'ambo ya mto, wanaweza kushirikiana kwa namna gani ili mitaa yetu iweze kuyakabili mafuriko? Na ushirikiano huo uanze na jambo gani?

Mtendaji Mstaafu ameandika:

Mwanangu, umeuliza swali ambalo watu wengi wa ngazi yako hawaliulizi, kwa sababu wamezoea kulalamika kwa diwani na kuishia hapo. Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu upande wa taratibu, ingawa najua vijana mnaziona zinachosha.

Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, inafaa kwa mambo yaliyo ndani ya kata. Kwa mtaa wa juu yenu, kama mko kata moja, pelekeni hoja hapo na ihakikishwe imeingia katika muhtasari. Kwa ng'ambo, kamati hiyo haina meno, na diwani wenu akiahidi kwamba atalimaliza, anaahidi kitu kisicho mikononi mwake. Hapo mnahitaji ngazi inayoziona pande zote mbili. Ilala ya kwenu na Ubungo ya ng'ambo ni wilaya mbili, kila moja na mkuu wa wilaya wake, lakini mkoa ni mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Mitaa mingi kamati hiyo iko kwenye karatasi tu. Ihuisheni ya kwenu, muwaombe wenzenu wahuishe za kwao, kisha mkutane kama kamati tatu za maafa na si kama majirani watatu wenye malalamiko. Barua inayotoka kwa kamati ya maafa ikieleza hatari kwa kaya kadhaa inapokelewa tofauti kabisa na barua inayomshitaki mtu.

Hofu ya mwenyekiti wenu ni ya kweli na msiidharau. Niliwahi kuona nyumba zikipigwa alama ya X, na aliyelaumiwa na wananchi hakuwa aliyetunga sheria. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa ndiye waliyekutana naye dukani.

Wa Kinyerezi ameandika:

Ninaishi huku juu, na ninasoma uzi huu kwa uchungu kidogo, kwa sababu kila mafuriko yakitokea watu wa chini hutusema sisi. Ni kweli udongo unatoka huku. Mto unaanzia milima ya Pugu, miti imekatwa, nyumba zimejengwa kwenye miteremko, na vijana wanachimba mchanga mtoni kwa sababu mjini kunajengwa usiku na mchana na mchanga una soko. Lakini ninyi wa Tabata mnaoununua huo mchanga hamjawahi kumwuliza dereva wa lori aliutoa wapi.

Sisemi haya ili tugombane. Ninayasema kwa sababu mitaa yenu mitatu ikikubaliana bila mtu wa huku juu, mtakuwa mmekubaliana kuhusu nusu ya mto. Ushirikiano ambao mimi nimeuona ukifanya kazi ulianza na simu. Mvua inaweza kunyesha Pugu na Kisarawe huku kwenu jua linawaka, na mto ukajaa huku kabla haujajaa huko. Mjumbe mmoja wa huku alikuwa akimpigia mwenzake wa chini kila maji yalipogusa mwamba fulani karibu na daraja letu, na yule wa chini akipita nyumba kwa nyumba kuwatoa wazee na watoto. Hakukuwa na semina wala posho. Ushirikiano huo ulikufa mmoja wao alipohama, kwa sababu namba ilikuwa yake binafsi. Fanyeni hivyo, ila namba ziwe za nafasi na si za mtu, na ziwe mbili kwa kila mtaa, moja ya mwanamke anayeshinda nyumbani mchana.

Simu hizo mziunganishe na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kaeni mkubaliane kila ngazi inamaanisha nini mtaani kwenu: kwenye angalizo nani anakagua makalavati, kwenye tahadhari nani anafungua darasa au msikiti wa kukimbilia, kwenye tahadhari kubwa nani anazuia watoto kuvuka. Taarifa hizo zinatolewa mapema, lakini watu wanazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa emoji za mwavuli na hakuna anayenyanyuka.

Mjumbe wa Bondeni ameandika:

Shikamoo mama Mtendaji, na ahsante sana. Ndugu wa Kinyerezi, hoja ya mchanga nimeipokea, na ninakubali kwamba mtu wa juu lazima awepo tangu siku ya kwanza.

Naomba nirudi kwenye kifusi, kwa sababu ndicho kinachowagawa viongozi wetu. Baadhi ya wananchi wanataka na sisi tujenge ukuta wa matairi na viroba vya mchanga upande wetu ili maji yarudi yalikotoka. Vijana wameanza hata kukusanya matairi. Je, jambo hili ni la busara wakati tunazungumza habari ya ushirikiano?

Mchora Ramani ameandika:

Si la busara, na nitaeleza sababu. Maji ya mafuriko yanahitaji upana. Ukingo mmoja ukiinuliwa kwa kifusi, mto unapoteza nafasi ya kutanuka upande huo, kina na kasi vinaongezeka, na ukingo wa pili ndio unaoliwa. Mkijenga ukuta nanyi, mto unabanwa pande zote mbili, na maji yanatoka yakiwa na nguvu zaidi kwa mtaa unaofuata. Halafu kifusi chenyewe na matairi yenyewe hubomoka, huteremka, na kukaa pale ambapo mto unapungua kasi. Ndiyo sababu Jangwani mchanga na taka hurundikana chini ya daraja kila msimu na Barabara ya Morogoro hufungwa mvua zikizidi. Kwa hiyo mwambieni mwenyekiti wa ng'ambo kwamba kifusi hakimlindi hata yeye, maana mtaa wa juu yake ukifanya hivyo hivyo, kesho atakuwa yeye anayeliwa.

Ushauri wangu ni kwamba msianze na barua wala ukuta, anzeni na ramani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakazunguka na wakazi katika kata zinazokumbwa na mafuriko wakichora mitaro, njia na majengo kwenye ramani huria ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuihariri hadi leo. Faida yake kwa swali lako ni hii: ramani haisimami kwenye mpaka wa halmashauri. Wenyeviti wakikaa mbele ya karatasi moja kubwa inayoonyesha mto mzima, na wazee wakaonyesha maji yalifika wapi Desemba 2011, mwaka ambao mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 mkoani mwetu na wakazi wa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mazungumzo yanabadilika. Watu wanaacha kuzungumzia nani mkosaji na wanaanza kuzungumzia mtaro gani unaziba kwanza.

Kuhusu mita 60: chora mstari wa maji yalipofika, usichore mstari wa sheria. Huo wa kwanza ni kumbukumbu ya wananchi wenyewe, na hauhitaji mtu wa kuja kupima nyumba.

Mama wa Tandale ameandika:

Nawashukuru wote, ila naona wengi mmezungumza maji na mmeyaruka matapishi ya vyoo ambayo mleta mada mwenyewe ameyataja. Kipindupindu hakijui mpaka wa Jiji na Ubungo. Kwetu, Mto Ng'ombe ulipojengewa kingo kupitia mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, maji yalipata njia, lakini taka na uchafu wa vyoo bado vinaamuliwa nyumbani kwa mtu.

Mtu hatapishi choo kwa ubaya. Gari la majitaka haliingii vichochoroni, na likiingia bei yake ni kubwa kwa mpangaji ambaye choo si chake. Kwa hiyo viongozi watatu mkikaa, fanyeni hesabu ya kuita gari siku moja kwa mitaa yote mitatu, kabla ya masika, muwabane wenye nyumba walipie. Mtaa mmoja hauna wateja wa kutosha kumshawishi mwenye gari apunguze bei, mitatu inao. Hali kadhalika taka: kijana wa guta anayezoa upande wenu anakatazwa kuvuka kwa kuwa mkandarasi wa ng'ambo ni mwingine, basi anamwaga pale pale darajani. Mkubaliane sehemu moja ya kukusanyia, hata kama mikataba ni miwili.

Na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kuwasaidia vijana wa taka na wale wa mchanga wakijisajili kama kikundi. Ila msijidanganye kwamba kikundi cha mitaa mitatu kitakopeshwa kwa pamoja. Kila halmashauri inakopesha watu wake, kwa hiyo vikundi viwe viwili vyenye mpango mmoja.

Mtendaji Mstaafu ameandika:

Mama wa Tandale amenikumbusha fedha. Mkichanga chochote, hata cha koleo na viroba, kila mtaa ukusanye kwake kwa stakabadhi na usomewe mapato na matumizi katika mkutano wake. Msifungue mfuko wa pamoja mapema. Nimeona ushirikiano mzuri ukivunjika kwa sababu ya fedha ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Pia msikae mkisubiri Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uwafikie. Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022 na kazi zake kubwa ziko bonde la chini, Jangwani na jirani zake.

Mjumbe wa Bondeni ameandika:

Nimeyasoma yote mara mbili, na jioni hii nimekaa na mwenyekiti wetu. Ukuta wa matairi ameusimamisha. Amekubali tuwaalike wenzake wawili pamoja na mjumbe mmoja wa Kinyerezi, tuanze na ramani ya maji ya 2011 na namba za simu, kisha gari la majitaka kabla ya Machi. Suala la kifusi ameomba lisiwe kwenye ajenda ya kikao cha kwanza, liibuke lenyewe kwenye ramani. Mimi ningependa liwekwe wazi, lakini nimekubali, kwa kuwa yeye ndiye atakayekwenda kumwalika mwenzake.

Swali langu la mwisho ni kwa mama Mtendaji. Mwaliko uandikwe na nani, na kikao kifanyike upande upi?

Mtendaji Mstaafu ameandika:

Watendaji wa mitaa ndio waandike, kwa sababu ni waajiriwa wa halmashauri na barua zao zina kumbukumbu namba. Nakala ziende kwa watendaji wa kata wote wanaohusika, ili baadaye asitokee wa kusema hakujua. Kikao kifanyikie ng'ambo, kwa yule mwenye kifusi. Akiwa mwenyeji hatakosa kuhudhuria, na mkimaliza ataona aibu kutowasindikiza hadi mtoni.