Tajiri wa lori akija msibani na bahasha, familia isaini?

Mtoto_wa_Uyole:
Wakuu, habari za usiku. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, na ukoo mzima limeshaugawa. Nalileta hapa mlichambue bila huruma.

Binamu yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Aligongwa kwenye mteremko wa Iwambi na semi lililokuwa likirudi kutoka Tunduma na mzigo wa shaba. Hakufika hospitali. Siku ya tatu ya msiba wakaja watu wawili: mmoja mpwa wa tajiri, mwingine ana mkoba, akajitambulisha kuwa ni "wa ofisini". Wamekuja kistaarabu kabisa. Wakatoa magunia mawili ya mchele, ndoo mbili za mafuta na bahasha ya shilingi milioni mbili. Tukaomba, tukashukuru. Baada ya amina, yule wa mkoba akatoa karatasi.

Ilikuwa imeshachapwa huko ilikotoka. Jina la marehemu limekosewa herufi mbili. Chini kuna nafasi tatu za saini, na katikati mstari huu: familia imepokea mkono wa pole na kuanzia leo haitakuwa na dai lolote dhidi ya mmiliki, dereva wala bima. Baba mkubwa akapewa kalamu. Mjane yuko ndani na kina mama, hakuna aliyemwita. Nikasema tusubiri, na tangu hapo wazee hawanisalimii vizuri. Wanasema tajiri mwingine asingekanyaga hapo, na mimi nimewaaibisha mbele ya mgeni aliyekuja kwa wema.

Msimamo wangu: rambirambi ni rambirambi, fidia ni fidia. Sheria ikataze mtu yeyote kuwasainisha wafiwa karatasi ya namna ile kabla ya arobaini. Nipingeni.

Tela_Mbili:
Pole sana kwa msiba, mkuu. Mimi ni huyo tajiri mnayemsema, ingawa utajiri wenyewe ni hosi mbili, yaani vichwa vya lori, na matela mawili, moja bado la mkopo. Nitasema lile lisilopendwa.

Gari langu liliua Ruaha Mbuyuni, miaka ya nyuma. Nikapiga simu kampuni ya bima saa hiyo hiyo. Jibu: usiende msibani, usikiri kosa, usiahidi kitu, usilipe hata mia bila ruhusa yetu. Nikadhani wananitania. Nikafungua mkataba nikakuta kweli imo, ndani kule kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma siku ya kununua stika. Ukikubali kosa au ukilipa bila idhini yao, wanaweza kukugeuzia kibao.

Nilikwenda hivyo hivyo. Mimi nina watoto, siwezi kuua mtu nikajifungia ndani. Nilipeleka milioni moja na nusu, sikumsainisha mtu. Miezi sita baadaye familia ikafungua kesi, na kampuni ya bima ikaniandikia barua kwamba nimekiri kosa kwa matendo. Wakili wa kubishana nao nimemlipa kwa fedha zangu.

Kwa hiyo karatasi unayoiona ni ya kikatili ndiyo inayompa mwenye gari moyo wa kuja. Ikatazeni, halafu mtaona kama kuna tajiri atakayetia mguu msibani. Atatuma dereva wa bajaji na bahasha isiyo na jina.

Karani_Mstaafu:
Wote wawili mna haki, na wote wawili mnaruka jambo. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha wakili nikipanga mafaili ya ajali, karatasi za aina hiyo nimezishika nyingi.

Kwanza tujue kinachogombewa. Bima ya mtu wa tatu, wengi tunaiita bima ndogo, ni ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Iliwekwa kwa ajili ya huyo aliyelala kaburini na wanaomtegemea. Haitengenezi lori la tajiri, hailipi mzigo. Sasa mtu akikuuzia "kumalizana" kwa milioni mbili, ujue kuna mfuko mwingine ambao umeshalipiwa kwa ajili yako, na karatasi ndiyo kufuli lake.

Pili, baba mkubwa anasaini kama nani? Dai la kifo hupelekwa na msimamizi wa mirathi, kwa manufaa ya mke, watoto, wazazi waliokuwa wakimtegemea marehemu. Kabla ya mahakama kumteua msimamizi, mzee wa ukoo ana heshima zote lakini hana mamlaka hayo. Karatasi yake inaweza kupingwa. Ila msilale kwa hilo! Kampuni ya bima itaipeperusha mbele ya hakimu, na mtatumia mwaka mzima kueleza kwa nini mzee alishika kalamu.

Tatu, na hapa ndipo watu wanapoangukia: mahakamani kilio hakilipwi. Lazima uonyeshe kosa na hasara. Tafuteni taarifa ya polisi ya ajali, PF.90, na ramani ya ajali. Kwa majeruhi kuna PF.3. Cheti cha kifo. Taarifa ya ukaguzi wa gari. Uthibitisho wa alichokuwa akiingiza marehemu, hata daftari la hesabu ya bodaboda lina kazi. Fuatilieni kesi ya trafiki hadi mwisho, maana dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo mnaitumia kwenye kesi ya madai. Kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi kabla hamjafungua kesi. Muda ni miaka 3. Unaonekana mwingi mpaka utakapoanza kufuatilia mirathi.

Hoja ya kukataza mpaka arobaini siiungi mkono. Siku ya 41 mtu wa mkoba atarudi na karatasi ile ile. Mimi ningesema isiwe na nguvu yoyote mpaka isainiwe na msimamizi wa mirathi.

Gia_Nzito:
Mnagawana kesi ya marehemu baina ya tajiri na bima, dereva mmemwacha mahabusu.

Niliendesha semi miaka 11. Breki za tela zinaanza kuchoka unapiga simu, unaambiwa "shuka nayo pole pole, ukifika Dar tutabadilisha". Ukipata ajali, ripoti inasema mwendo kasi. Jumbe za simu hakuna anayeziomba. Tajiri anasimama pembeni, ameshika shavu, yeye naye mfiwa! Sheria inamfanya mwajiri abebe kosa la mtu wake akiwa kazini, hilo liko wazi, lakini karatasi za msibani zinamtoa yeye, na mimi kesi ya jinai inabaki ile ile. Kusaini kwenu hakufuti mashtaka.

Na utingo? Akifa ndani ya kabini hamumhesabu. Huyo ni mfanyakazi, dai lake ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kama mwajiri amemsajili. Kama alipandishwa njiani kwa kupewa lifti, hapo ndugu zake waombe Mungu.

@Mtoto_wa_Uyole, kahakiki stika. Hosi ina namba yake na tela lina namba yake. Hakiki zote mbili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Nimeona hosi iko sawa na tela bima yake imekufa zamani.

Mzalendo_wa_Kweli:
Milioni mbili mkononi ni bora kuliko milioni ishirini za kwenye faili. Sainini muendelee na maisha.

Karani_Mstaafu:
@Mzalendo_wa_Kweli, nenda kamwambie hivyo mjane.

Kijana_wa_Likoni:
Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Nawasoma, naona msiba wetu ni mmoja, majina tu yanabadilika. Huku nyaraka ya polisi twaiita abstrakti.

Lakini msidhani kesi ndiyo pepo. Kwetu, chini ya Sura ya 405, bima ya lazima ina kikomo: shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kinachobaki unamfuata mwenye gari, na mwenye gari ushamkuta kauza gari. Mwakumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023? Lori moja lilipoteza mwelekeo likaingia kwenye matatu, bodaboda na wachuuzi wa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Lori moja, na nyumba ngapi za wafiwa zinalitazama!

Na jengine. Huku karatasi haiji na tajiri peke yake. Kuna madalali wa kesi, hufika wodini kabla ya ndugu. "Weka kidole hapa, wakili wetu atakusimamia bure." Ukija kuuliza baadaye, waambiwa ushalipwa, na wewe hujaona kitu. Kwa hiyo mkikataza karatasi za tajiri, katazeni na za hawa. Mwenye maumivu asiwekewe kalamu mkononi na yeyote.

Tela_Mbili:
@Kijana_wa_Likoni, hapo umenigusa. Siitetei karatasi kwa kuipenda. Bima waondoe hicho kipengele, waseme wazi kwamba kuzika na kuhani si kukiri kosa, hata sisi hatutahitaji kumsainisha mtu. Mbona TIRA hawalisemi hili?

Msafiri_Tunduma:
Swali dogo tu: lori likiwa la Zambia?

Gia_Nzito:
Kadi ya njano ya COMESA, ndiyo bima ya mtu wa tatu inayovuka mpaka. Tanzania imo kwenye mpango huo. Piga picha kadi na namba zote kabla polisi hawajaliachia gari, likivuka mpaka utalisikia redioni.

Mtoto_wa_Uyole:
Nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Stika nimehakiki: hosi iko hai. Tela, kama alivyosema Gia, limeisha. Karani, ombi la mirathi tumeshaanza kulifuatilia, mjane ndiye atakayeomba. Jana ndiyo mara ya kwanza kuulizwa anataka nini. Akataka kwanza asomewe karatasi yote. Tuliposoma jina akasema, huyu si mume wangu, mume wangu haandikwi hivi.

Mpwa wa tajiri amepiga simu mara tatu: tusaini au turudishe. Mchele umeshaliwa. Nimemjibu aje na karatasi nyingine, iandikwe "rambirambi" tu na kiasi, neno "dai" lisiwemo. Kasema anauliza.

Tela_Mbili:
Hiyo hata mimi ningesaini. Chukueni nakala.