Utafiti wa mikondo ya uwezo skulini: nianze na takwimu au mahojiano?

Assalaam alaykum. Ninachunguza namna skuli za Unguja zinavyowagawa wanafunzi kwa uwezo, kwa mbinu mseto, yaani takwimu pamoja na mahojiano. Nianze wapi?

Jibu la 1: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Anza na alama za mitihani na orodha za mikondo, kisha uwahoji hasa wale ambao takwimu hazikuwaeleza, kama vile mwenye alama za juu aliyewekwa mkondo wa chini.

Jibu la 2: Nimesomesha Wete, Pemba. Mtoto wa mkondo D aliwahi kuniambia, huku akifuta ubao, "Mwalimu, sisi ndio tusiojua." Dodoso lisingelinasa neno hilo, kwa hiyo mimi ningeanza kwa kukaa darasani.

Muulizaji: Ahsante, mwalimu. Nitaanza darasani, na maneno yao yataniongoza kutunga dodoso.