Ati "shika wavu"! Yule mwongozaji wa mto Gura leo kavuka mpaka

Binti_wa_Othaya

Wakuu, soksi bado zina matope na mikono inatetemeka, lakini siwezi kulala na hili kifuani. Simtaji jina. Hamna haja nimtaje, kila aliyewahi kurusha mshipi upande huu wa Nyandarua anamjua: yule wa kofia iliyochomekwa nzi wa manyoya, vile vidudu bandia vya kuvulia, pande zote, akiongea na mgeni sauti inalainika, akiongea na mwenyeji anafoka. Huyo huyo.

Kaniambia "shika wavu", ule wa kumwopolea samaki aliyenaswa na mwingine. Mimi!

Nimelipa. Ada ile ile waliyolipa wale wageni wawili, shilingi kwa shilingi, na ujumbe wa malipo uko kwenye simu. Leseni ya kuvulia ninayo. Fimbo ni yangu, si ya kukodi. Tumetoka kukiwa giza, tumeteremka njia ya msitu ambayo kinyesi cha ndovu bado kinafuka mvuke, askari wa wanyamapori mbele na bunduki yake, mimi nyuma nimebeba vyangu. Maji ya baridi hadi nikasahau kama nina vidole vya miguu. Sijalalamika hata neno.

Nikapata pahali pangu. Samaki trauti hukaa ameukabili mkondo, anangoja maji yamletee chakula, kwa hiyo unamwendea kutoka chini ya mto, kwa nyuma yake, polepole, kivuli chako kisimtangulie. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Magoti juu ya mawe. Nikamwona anaibuka, anadaka mdudu juu ya maji, anazama. Akaibuka tena pale pale. Nikautuma mshipi nyuma, nikauachia mbele, nzi akatua juu kidogo ya alipokuwa, akaanza kuteremka na maji vizuri kabisa, na hapo hapo mkono ukatoka nyuma yangu ukaikamata fimbo. FIMBO YANGU. Iko mikononi mwangu! Akampa mgeni.

"Huyu anarudi kwao kesho," kasema. "Wewe shika wavu."

Samaki akanasa. Mgeni akapiga ukelele mbega wote wa Nyandarua wakahamia Mlima Kenya. Na mimi niliyemwona yule samaki, niliyemnyemelea, niliyemrushia, nimesimama majini na wavu. Picha zikapigwa. Nimetumiwa jioni hii. Ninaonekana mkono tu, na wavu.

Trauti waliingizwa mto Gura mwaka 1905 na Grogan, mlowezi wa Kizungu, mayai yakitoka Uskoti. Zama hizo bwana alivua na Mwafrika alibeba. Sasa niambieni, leo ni 1905? Na yule nzi kwenye ncha ya mshipi nimemnunua kwa mama anayefunga nzi hapa hapa nchini, kazi ya mikono yetu ambayo miaka nenda miaka rudi inasafirishwa kuuzwa ng'ambo. Nzi wetu, mto wetu, fimbo yangu, halafu mimi nishike wavu!

Mbega_Mzee

Pole sana dada. Namfahamu. Mimi aliniamuru nivue miwani ati inang'aa inatisha samaki. Nikavua. Hatua mbili nikatumbukia.

ChaiYaRangi

Nimesoma hadi mwisho natafuta uzito wa samaki. Hujautaja. Maana yake alikuwa kidole gumba.

Binti_wa_Othaya

Alikuwa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole! Na hata angekuwa kidole gumba, alikuwa wangu. Fimbo imetolewa MIKONONI. Nzi yuko majini tayari. Hakungoja hata nikose.

Kamba_Fupi

Swali dogo tu. Mkono ulipotoka nyuma, wewe uliachia ya nini? Mimi na fimbo yangu tungezikwa pamoja.

Binti_wa_Othaya

Umewahi kusimama ndani ya Gura wewe? Ule mto unakimbia. Ukigombania fimbo juu ya mawe yale yenye utelezi, maiti yako itaokotwa Tana. Na aliyelipwa anishike nisianguke ndiye huyo huyo aliyeninyang'anya!

Mzee_wa_Kiganjo

Binti yangu, una haki. Mimi nimezeeka karibu na vile vidimbwi vya serikali vya kuzalishia trauti hapa Kiganjo, nimewaona waongozaji wa kila aina. Kazi ya mwongozaji ni kukuonyesha samaki alipo, kukuchagulia nzi, kuutoa mshipi ukinasa kwenye miti, na kushika wavu. Wavu ni wake. Mteja hamshikii mteja mwenzake wavu. Hilo halihitaji kikao.

Binti_wa_Othaya

Asante sana mzee wangu. Nimeshukuru. WAVU NI WAKE.

Mzee_wa_Kiganjo

Ila mngelia pia juu ya maji. Kiangazi kila mwenye shamba kando ya mto ana mabomba yake, na usiku kuna wanaotega nyavu. Trauti anataka maji baridi yanayotembea. Mto ukibaki madimbwi, hata huyo mwongozaji hatakuwa na fimbo ya kunyang'anya.

Nyakach_Original

Samahani, mimi wa ziwani sijaelewa. Mnalipa, mnaingia kwenye barafu alfajiri, mnamvua. Halafu aliliwa na nani?

Binti_wa_Othaya

Alirudishwa majini.

Nyakach_Original

ALIRUDISHWA?

Binti_wa_Othaya

Ndiyo. Unalowesha mikono, unamtoa ndoana pole pole, unamshikilia kichwa kikielekea mkondo hadi apate nguvu, unamwachia. Kazi ambayo pia ilipaswa kuwa yangu!

Nyakach_Original

Basi huna kesi. Samaki yuko kwake, nenda kesho umfuate. Njooni Kisumu muone uchungu wa kweli. Ziwa liko pale, unaliona kwa macho yako, na sokoni unauziwa tilapia wa China aliyetolewa kwenye katoni. Nimelia mbele ya mama mchuuzi.

Uporoto_Baridi

Wakenya mnadeka. Huku Tanzania, nyanda za juu kusini, trauti wapo kwenye mito ya baridi na mwongozaji ni kijana wa jirani. Unamlipa kidogo na soda moja, na hakunyang'anyi kitu, maana yeye mwenyewe anaogopa maji.

ChaiYaRangi

Tilapia wa kukaanga na ugali, au trauti? Tuseme ukweli hapa.

Nyakach_Original

Usiniulize swali la matusi.

Mbega_Mzee

Trauti wa kuchoma na ndimu hana mpinzani. Shida, kuna hoteli moja barabara ya kwenda mlimani nimeagiza trauti nikaletewa tilapia amekatwa kichwa nisimtambue. Mhudumu ananiangalia usoni anasema "huyu ni trauti wa shambani".

Nyakach_Original

Alikuwa wa katoni! Huyo ni wa katoni!

MwanaWatamu

Afadhali yenu mtoni, maji ya magotini. Mimi nimekodi boti kwenda kumtafuta sulisuli, nahodha akalala. Akalala! Injini kazima, mkondo wa Kusi unatupeleka kaskazini, naiona Somalia kwa mawazo, na yeye anakoroma na kofia usoni.

Kamba_Fupi

Boti ya buluu?

MwanaWatamu

Ya buluu.

Kamba_Fupi

Huyo huyo! Mimi kanidai mafuta mara mbili, ya kwenda na ya kurudi, kana kwamba ningebaki kule.

Binti_wa_Othaya

JAMANI. Huu uzi ni wangu. Nimepiga magoti, nzi yuko majini, samaki ameibuka, mtu anakuja kwa nyuma anakuondolea fimbo mkononi na kukuambia "shika wavu"! Hamwoni uzito wake? Nimelipa!

ChaiYaRangi

Dada, shika wavu kidogo, tumsikilize wa Watamu.

Binti_wa_Othaya

Nitakuripoti.

Mbega_Mzee

Mlipomwamsha alisemaje?

MwanaWatamu

Hatukumwamsha, tulimwogopa, ni mtu mzima. Kaamka mwenyewe, akaangalia jua, akauliza kama tumemwachia chai.

Uporoto_Baridi

Na sulisuli?

MwanaWatamu

Sulisuli gani. Tumerudi na changu wawili, na mmoja kamchukua yeye.

Kamba_Fupi

Mmoja? Wa Mtwapa kachukua wote, na barafu yangu juu. Ngojeni niwasimulie.