Mrejesho: sinangag ya pilipili, wali haugandi tena

Niliuliza hapa kwa nini sinangag, yaani wali wa kukaanga wa Kifilipino wenye kitunguu saumu, unashikana na kitunguu saumu kinakuwa kichungu. Ahsanteni sana, majibu yenu yamefanya kazi.

Siri kubwa ni kiporo. Wali uliolala kwenye friji umekauka juu, punje zinaachana. Wa moto una mvuke, unageuka bokoboko. Vikombe 4 uvichambue kwa vidole vyenye maji kidogo kabla havijagusa kikaango.

Kitunguu saumu punje 10, katakata, usisage: kilichosagwa kina majimaji na huungua haraka. Kianze kwenye mafuta ya baridi, vijiko vikubwa 3, moto mdogo. Kikianza tu kuwa rangi ya dhahabu, opoa nusu, maana joto lake huendelea kukiivisha. Hapo tia pilipili kichaa 2 zilizokatwa (Wafilipino hutumia siling labuyo, pilipili yao ndogo kali), sekunde chache tu, la sivyo moshi wake utawakohoza nyumba nzima.

Kisha wali, moto mkali, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, geuza dakika 4. Soya sosi niliiacha, inalowesha wali. Kile kitunguu kilichoopolewa nyunyizia mwisho, kibaki kikavu. Yai la kukaanga pembeni, na siki.